Mikeka Kwenye Sinema ya Chake

Miaka ile kabla ya uhuru, nyumbani kwetu Ole, kulikuwa na mtu mmoja ambaye hatukujua tumweke upande wa wazima au wa waliokufa. Alikuwa ndugu mdogo wa mama yangu. Alipanda meli Mkoani akiwa kijana, akaenda Unguja kutafuta kazi, kutoka Unguja akavuka bara, na baada ya salamu chache zilizoletwa na wasafiri akanyamaza. Mtu mmoja aliyetoka Tanga alisema kasikia kwamba amezikwa huko. Mwingine akasema amemwona Tabora kwa macho yake, anauza viatu. Wote wawili walikuwa watu wa kuaminika, na wote wawili waliapa.

Jambo hili lilikuwa linalala mwaka mzima, likiamka Shaabani. Mwezi ule ukoo wetu husoma hitima ya wafu wake kabla ya kuingia Ramadhani. Watu hukusanyika barazani kwa mjomba mkubwa, juzuu hugawiwa, na kabla ya dua majina ya marehemu hutajwa moja moja, kuanzia wazee wa zamani mpaka watoto waliokufa wachanga. Mjomba ndiye aliyekuwa akitaja. Kwa miaka kadhaa alitaka kumtaja na mdogo wake, na mama akakataa. Mjomba alisema kumwacha maiti bila dua ni kumdhulumu. Mama alisema kumsomea aliye hai ni kumzika kwa mdomo.

Kisha ikaja redio, na mabishano yakapata umbo jipya.

Redio ilikuwa ya mjomba mwenyewe, ya betri, imewekwa juu ya rafu na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Sisi tuliishi uwanja mmoja naye. Kila Jumamosi baada ya magharibi palikuwa na mchezo kutoka bara, wa nyumba moja ya kupanga mjini na watu wake. Wanaume walikaa barazani, wanawake tukakaa ndani nyuma ya pazia la mlango, na redio iliwekwa katikati ili wote tusikie. Wachezaji hawakutajwa majina yao. Tuliwajua kwa sauti tu: mke mwenye wivu, mpangaji mlevi, na mwenye nyumba bahili, mzee ambaye kila akitaka kusema uongo alikohoa kwanza kikohozi kidogo, kikavu, kama mtu anayebisha hodi.

Siku ya kwanza kukisikia kikohozi kile mama aliweka chini kawa aliyokuwa akisuka. Mchezo ukaisha. Halafu akasema, kwa kupitia pazia, "Kaka, umemsikia?"

"Nimemsikia nani?"

"Mdogo wako. Huyo mwenye nyumba."

Barazani wakacheka. Mjomba hakucheka. Alisema wanaume wote wanakohoa, na kama kikohozi ni ushahidi basi yeye ana ndugu mpaka Kojani. Mama akajibu kwamba yeye ndiye aliyembeba mtoto yule mgongoni, na ndiye aliyemwuliza nani kala nazi, na kikohozi hicho ndicho kilichomjibu. Toka siku hiyo kila Jumamosi alikaa karibu na pazia kuliko wote, na kila Shaabani alikuwa na la kusema: mtu anayekohoa redioni kila wiki hasomewi hitima.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya wasichana na nikifundisha watoto wadogo kusoma. Nilisikiliza sauti ile kwa makini, nikijaribu kuilinganisha na mtu niliyemwona mara ya mwisho nikiwa mdogo sana. Jumamosi nyingine nilikuwa upande wa mama, Jumamosi nyingine upande wa mjomba.

Habari ya sinema ililetwa na gari lenye kipaza sauti, lililopita barabarani likitangaza mpaka Konde. Mchezo wa redioni, ikasema sauti, umepigwa picha. Wachezaji wote mtawaona kwa macho yenu. Utaonyeshwa Chake siku moja tu, alasiri kwa wanawake peke yao na jioni kwa wanaume. Wenye kutaka waje mapema kukata tiketi na kuweka nafasi, kwani nafasi hazitatosha.

Mjomba alikuwa ameapa zamani kwamba hakanyagi sinema, na akashikilia kiapo chake. Lakini jioni ile alimwita mama barazani baada ya watu kuondoka, nami nikiwapo.

"Nenda kamwangalie," alisema. "Weye ndiye uliyemlea. Kama ni yeye, miye nitanyamaza mpaka nife. Kama siye, Shaabani hii nitamtaja. Ila nataka uje na neno moja. Sitaki uje na hadithi."

"Neno moja," mama akasema.

Sasa nieleze kuhusu mikeka, kwa sababu bila ya mikeka mambo yangekwenda vingine.

Wengi wetu sinema tuliyoijua ilikuwa ya gari la serikali. Lilikuja vijijini na kutandika shuka jeupe kwenye uwanja wa skuli, likaonyesha namna ya kuanika karafuu na ubaya wa mbu. Hapakuwa na tiketi wala kiti. Ulikwenda na mkeka wako, na ukitaka mahali pazuri uliupeleka mapema, kama tufanyavyo kwenye maulidi. Mkeka uliotandikwa ni sawa na mtu aliyekaa. Hakuna anayeukunja mkeka wa mwenzake. Kwa hiyo mtu akisema weka nafasi mapema, kila mwanamke wa Ole alijua cha kufanya.

Nilikwenda Chake na jirani yetu, mshona kofia, mwanamke mnene mcheshi ambaye alikuwa anampenda mpangaji mlevi wa redioni kuliko mumewe, na hakuficha. Tulitumwa na wanawake wa mtaa mzima. Gari la shamba lilikuwa limejaa mikeka juu, imefungwa kwa vipande vya kanga ili ijulikane. Utingo alisema hajapata kuona maulidi ya alasiri Chake, akauliza yanasomwa wapi.

Mbele ya sinema palikuwa na rundo la mikeka toka Wawi, toka Vitongoji, na mmoja mrefu mwekundu ambao tuliambiwa umetoka Kojani, umevushwa kwa mashua na kupandishwa gari peke yake bila mwenyewe. Karani wa tiketi alikuwa ndani ya kidirisha chake, jasho linamtoka. Alikuwa na karatasi iliyochorwa viti vya ukumbi.

"Bi, mnataka mbele, kati au juu?" alituuliza.

"Juu wapi?" jirani akasema.

"Ghorofani. Ndio bora. Unaona vizuri."

Jirani akanitazama. Kwenye maulidi, nyuma kabisa hukaa waliochelewa na wenye watoto wanaolia. Anayeheshimiwa huketishwa mbele, karibu na msomaji.

"Mwanangu," aliniambia kwa sauti ambayo karani aliisikia vyema, "kijana huyu anataka kututupa darini kama magunia." Kisha akamgeukia. "Sisi tupe mbele. Mbele kabisa."

"Mbele ni rahisi, mama. Rahisi kwa sababu si pazuri."

"Umesikia? Pazuri hapawezi kuwa rahisi, basi anatuficha. Huko mbele karibu na ukuta kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kuna pazia la picha."

"Na wao watatokea wapi?"

"Kwenye pazia."

"Basi si ndio huko tunakotaka."

Karani alinitazama mimi, labda kwa kuwa nilikuwa nimevaa miwani, akategemea nimsaidie. Nami nilikuwa sijapata kuingia ukumbi wa sinema. Nilifikiri: mama anakuja kutazama uso wa mtu mmoja, na uso hutazamwa kwa karibu. Nikasema mbele kabisa. Alikata tiketi, akaandika namba za viti kwa penseli, halafu jirani akampitishia mikeka yetu.

"Ya nini hii?"

"Si umesema tuweke nafasi?"

Alituonyesha tiketi. Tukamwonyesha mikeka. Alisema nafasi yetu ni namba. Jirani akauliza namba itamzuia nani kukaa, wakati haionekani mpaka uinuke. Karani akafungua mlango wa pembeni akasema tuiweke na mingine.

Siku yenyewe mama alivaa buibui lake la Idi. Tulipofika milango ilikuwa imefunguliwa, na ndani tukakuta yale ambayo yalikuwa lazima yatokee. Waliotangulia walikuwa wameitandika mikeka juu ya viti, mkeka mmoja juu ya viti vitatu vinne, na mingine sakafuni katika uwazi uliokuwa kati ya viti vya mbele na pazia. Mwenye namba alisimama mbele ya mwenye mkeka, na kila mmoja alikuwa na haki.

"Hiki changu, kimeandikwa."

"Kimeandikwa wapi? Miye mkeka wangu umelala hapa toka juzi."

"Mkeka hauna tiketi."

"Na tiketi haina mgongo, itakaaje?"

Karani alipita huku ameinamisha macho, kwa kuwa wanawake walikuwa wameshaanza kuvua mabuibui, akisema namba, namba, tafadhali, namba. Mwisho alitoka akafunga mlango. Viti vya kati vilibaki na watu wachache na ghorofani, kwenye viti alivyovisifu, sikuona mtu ila wake wawili wa maofisa waliokaa mbalimbali na mikoba yao. Sisi wengine sote, mamia yetu kwa macho yangu ya wakati ule, tulikuwa tumebanana mbele. Mama alipata mahali pa heshima kuliko wote. Mwenye mkeka mwekundu wa Kojani, mwanamke mtulivu ambaye hatukumjua, alimwona amesimama, akamvuta mkono akamkalisha sakafuni karibu naye, chini ya pazia kabisa. Nami nikajipenyeza nyuma yake.

Taa zikazimwa, na pazia likawaka juu ya vichwa vyetu.

Nitaandika nilichokiona, si nilichoambiwa baadaye. Niliona kidevu. Kilikuwa kikubwa kama mlango, na juu yake matundu mawili ya pua, na mbali kabisa, karibu na dari, kitu kilichokuwa macho. Mtu akisogea upande, shavu lake lilipita juu yetu kama wingu. Watoto wakalia. Sauti nazo hazikutoka midomoni mwao. Zilitoka upande mmoja wa ukuta, zikafika zimechelewa kidogo, au mimi nilizipokea zimechelewa. Wanawake waliwajua kwa sauti, wakawaita, "Huyo, huyo mke mwenye wivu," lakini mkono ulioelekezwa juu ulielekezwa kila mahali.

Kisha nikasikia kikohozi.

Mama aliinua kichwa mpaka kitambaa chake kikaanguka mabegani. Juu yake palikuwa na ndevu nyeupe za bandia, zimebandikwa, gundi yake inaonekana, na mdomo unaofunguka na kufumba. Alitazama kwa muda mrefu, shingo imekunjika nyuma. Jirani alikuwa anamwuliza, "Ndiye? Shoga, ndiye?"

"Siye," mama akasema.

"Una hakika?"

"Mdogo wangu hana pua hiyo."

Hakuna mtu duniani aliye na pua ile, nilifikiri, lakini sikuwa na la kushikilia. Mama alijifunika tena kichwa. Alikuwa hatazami juu tena, anatazama mkeka.

Mkanda ulikatika, au ulikuwa unabadilishwa, na taa zikawashwa. Nikageuka nyuma kunyoosha shingo. Ndipo nikawaona wale wake wawili wa maofisa kule juu, wametulia, hata mmoja hakuwa anashika shingo yake. Nikamwambia mama twende juu. Alisema kuna nini juu. Nikasema sijui, lakini wale wanaonekana kama watu waliokuwa wanatazama kitu tofauti na chetu.

Alikataa kwanza, kwa aibu ya kumwacha mwenyeji wake. Yule mwanamke wa Kojani akasema, "Nenda, bibi, mkeka nitaulinda." Tukapanda ngazi. Hatukuulizwa na mtu.

Kule juu, taa zilipozimwa, pazia lilikuwa dogo kama dirisha, na ndani ya dirisha watu walikuwa watu. Walikuwa na miguu. Walikuwa na chumba, na kitanda cha kamba, na mlango. Bahili aliingia kwa mlango huo, akiwa na kanzu safi na koti. Alivua makubazi yake, akakaa ukingoni mwa kitanda, akakunja mguu mmoja chini ya mwenzake na ule mwingine akauacha unaning'inia, unacheza. Akakohoa. Akaanza kumwambia mpangaji wake uongo mrefu kuhusu paa.

Chini wote walicheka. Mama alinishika mkono juu kidogo ya kiwiko, na hakuuachia mpaka mwisho.

"Ndiye," alisema, mara moja tu, na si kwangu.

Garini, wakati wa kurudi, hapakuwa na wawili waliokubaliana. Jirani alisema mpangaji wake ni mfupi na amemvunja moyo. Mwingine akasema ni mrefu, kichwa kilikuwa kinagusa dari. Mmoja, aliyewahi kukaa Unguja, akasema kwamba katika picha hizi mara nyingine mtu hupewa sauti ya mwingine, na hapo gari zima likachanganyikiwa, kwa kuwa haikujulikana tena tulikwenda kumwona nani. Mama alitazama nje kwenye mikarafuu.

Mjomba alikuwa amekaa barazani peke yake. Aliwaondoa watu, nafikiri, kwa sababu saa ile huwa hapakosi watu. Mama alimpa mkono, akakaa chini.

"Haya," mjomba akasema. "Neno moja."

"Nilipokaa mbele, siye. Nilipokaa juu, ndiye."

Mjomba alinitazama mimi, kisha mama. "Hayo maneno mawili."

"Ndiyo niliyoyapata."

"Na lipi la kweli?"

Nilikuwa nimejitayarisha kumsikia akisema la juu, kwa sababu nilimwona alivyonishika, na kwa sababu miaka yote hilo ndilo alilotaka. Mjomba pia, nilivyoona, alikuwa amejitayarisha kulisikia. Alikuwa ameinama mbele kidogo.

"Kaka, kakaa kitandani vilevile alivyokuwa akikaa utotoni, mguu mmoja kaukunja. Na alikuwa na koti," mama akasema. "Na kanzu imepigwa pasi. Na amenenepa. Mtu huyo ana afya, anacheka, ana kazi, kila wiki anasema na watu mpaka huku kwetu. Na salamu haleti, hajui hata kama mama yake kafa. Miye nilipokuwa namsikia tu nilimdhania yu taabani, kafungwa, kikohozi tu kinamtoka kama mtu anayeita. Leo nimemwona." Alisimama. "Msomee. Mtaje Shaabani hii."

"Lakini umesema ndiye."

"Nimesema."

"Basi yu hai. Nitamsomeaje?"

"Si weye uliyetaka?"

"Nilitaka nikidhani kafa."

"Basi miye nataka nikijua hajafa. Msomee."

Mjomba alinigeukia akaniuliza kama ni kweli kwamba sauti hubadilishwa. Nikamwambia ndivyo ilivyosemwa garini. Akaniuliza pua ilikuwaje. Nikamweleza. Akaniuliza mguu uliokunjwa ulikuwa wa kulia au wa kushoto, nami nikagundua sijui. Alirudia kuniuliza kesho yake na keshokutwa, akiwa amebuni maswali mengine, kuhusu masikio, kuhusu namna ya kuvua makubazi. Mtu aliyesema wanaume wote wanakohoa sasa alikuwa anataka nimwonyeshe mtu anavyokaa. Nilimwonyesha. Alitikisa kichwa, lakini sikujua kama ni cha ndiyo au cha hapana.

Jumamosi ilipofika, redio ilifunguliwa kama kawaida. Mama hakuja. Alikuwa jikoni, anapepeta mchele ambao hakuna aliyemwambia aupepete.

Shaabani ikaingia. Mama alipika pilau mwenyewe, akatandika, akawaita majirani. Juzuu ziligawiwa na kusomwa, na ukafika wakati wa majina. Sisi tulikuwa ndani, nyuma ya pazia. Mama aliacha kufanya kila alichokuwa anakifanya. Mjomba alianza na wazee, akaja kwa babu, akaja kwa bibi yangu, mama yao, kisha watoto wachanga. Halafu akanyamaza. Ukimya wenyewe ulikuwa mrefu kiasi cha watu kuinua vichwa.

"Na aliye mbali," mjomba akasema. Akaanza dua.

Watu waliitikia amina. Nilimtazama mama. Alikuwa anaitikia pamoja nao, viganja viwili vimefunguliwa, na usoni kwake sikuweza kusoma kama amepewa alichokiomba au amenyimwa. Baadaye alipakua chakula kwa wote, akampelekea mjomba sahani yake kwa mkono wake mwenyewe.

Wakati wa kuondoka jirani yetu alinishika pembeni, penye mtungi.

"Mwanangu, nisije nikaulizwa njiani. Leo tumekula hitima au sadaka ya msafiri?"

Nikamwambia tumesoma Yasini, na pilau ilikuwa nzuri.

"Nzuri," akakubali, na akaenda zake.